Dakika tano za jioni ya Septemba 6: California ilipoombwa izime, ikazima

Ilikuwa Jumanne, Septemba 6, 2022, yapata saa 12 kasoro robo jioni. Simu za mamilioni ya watu wa California zikalia kwa pamoja, mlio ule mkali unaotumika kutangaza moto wa msituni au mtoto aliyetekwa. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Joto kali limeielemea gridi. Umeme unaweza kukatika usipochukua hatua. Zima au punguza usichokihitaji, kama afya yako inaruhusu, kuanzia sasa hadi saa 3 usiku.

Ndani ya dakika kama tano, matumizi ya umeme yalishuka kwa karibu megawati 1,200. Baada ya nusu saa hivi, upungufu ulikuwa umepita megawati 2,000. Ili kuuelewa uzito wa namba hiyo, chukua kituo cha nyuklia cha Diablo Canyon, kikubwa kuliko vyote katika jimbo hilo. Kina vinu viwili na uwezo wake ni takriban megawati 2,200. Watu waliokuwa majumbani mwao, bila mkataba na bila malipo yoyote mbele yao, waliipa gridi nafasi inayokaribia kituo hicho kizima.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, kwa sababu kinapingana na maelezo tuliyozoea kuyasikia kuhusu kumshirikisha mtumiaji katika kuisawazisha gridi. Wataalamu huita jambo hilo mwitikio wa mahitaji: badala ya kuwasha mtambo mwingine kila matumizi yanapopanda, unawaomba au kuwalipa watumiaji wapunguze kwa saa chache. Maelezo ya kawaida ni kwamba watu hawajali, kwamba bila fedha ya kutosha hakuna atakayegusa swichi, na kwamba mtumiaji mdogo hategemeki. Jioni ile ilionyesha vingine. Utashi ulikuwepo kwa wingi. Njia ya kuufikia ndiyo iliyokuwa na visiki.

Jua linapozama na viyoyozi vingali vinanguruma

Siku hiyo Sacramento ilifika nyuzi 116 za Fahrenheit, karibu 47 za Selsiasi, joto ambalo jiji hilo halijawahi kulirekodi kabla. Saa 10:57 alasiri matumizi katika gridi inayoendeshwa na California ISO yalifika megawati 52,061, yakaivunja rekodi ya megawati 50,270 iliyodumu tangu Julai 2006. Dakika ishirini baadaye, saa 11:17, mwendeshaji wa gridi akatangaza ngazi ya tatu ya dharura ya umeme. Juu ya hapo hakuna ngazi nyingine. Hatua inayofuata ni kuyaagiza makampuni ya usambazaji yakate umeme kwa zamu.

Asiye wa fani anaweza kushangaa: rekodi imevunjwa saa 11 kasoro jioni, sasa mbona hofu kubwa ikaja baadaye? Jibu ni jua. California ina paneli nyingi mno za sola, na mchana zinabeba sehemu kubwa ya mzigo. Jioni zinashuka kwa kasi. Nyumba, kwa upande wake, bado ina joto la kutwa nzima kwenye kuta na paa, na watu ndiyo kwanza wanarudi kazini na kubonyeza kiyoyozi. Kwa hiyo saa ya hatari si ile ya matumizi makubwa zaidi, bali ile ambayo matumizi, ukiondoa sehemu inayobebwa na sola na upepo, yanabaki makubwa zaidi. Ni kati ya saa 12 na saa 2 usiku, hapo hasa.

Jimbo lilikuwa limelipia somo hilo miaka miwili nyuma. Agosti 14 na 15, 2020, umeme ulikatwa kwa zamu kwa mara ya kwanza tangu mgogoro wa umeme wa 2001, na wateja mamia ya maelfu wakabaki gizani. Ripoti ya mwisho juu ya chanzo, iliyotoka Januari 2021, ilitaja mambo matatu: wimbi la joto kubwa kuliko lililopangiwa, mipango ya rasilimali ambayo haikuzitazama vya kutosha saa za jioni baada ya jua kushuka, na taratibu za soko zilizoficha upungufu. Ndani yake kuna jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Siku zilizofuata, ambazo upungufu wake ulitabiriwa kuwa mkubwa kuliko wa Agosti 14, umeme haukukatwa, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi walipoombwa hadharani walipunguza. Kwa upande mwingine, baadhi ya megawati za mwitikio zilizohesabiwa kwenye karatasi kama rasilimali ya uhakika hazikuonekana zilipoitwa.

Yaani waliosajiliwa walitoa pungufu ya walichoandikiwa, na wasiosajiliwa wakatoa ambacho hakuna aliyekiandika. Kwangu mimi kisa kizima kimesimama juu ya hitilafu hiyo.

Siku sita za kuombwa

Kabla ya ujumbe wa simu, California ilikuwa tayari imetoa wito wa hiari unaoitwa Flex Alert kwa siku sita mfululizo, tangu Agosti 31. Septemba 6 ilikuwa ya saba, na wito ungeendelea hadi Septemba 9, siku kumi kwa jumla. Maelekezo yalikuwa yaleyale: poza nyumba mapema mchana sola ikiwa tele, kisha kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 3 usiku panda hadi nyuzi 78 za Fahrenheit (karibu 26 za Selsiasi) kwenye kiyoyozi, usifue kwa mashine, usichaji gari, zima taa usizozihitaji.

Ushauri ni mzuri, na wengi waliufuata. Lakini hebu tazama umbali uliopo kati ya wito ule na mkono wa mtu. Flex Alert hupita kwenye taarifa za habari, kwenye mitandao, kwenye mbao za barabara kuu, na kwa barua pepe ya aliyejiandikisha. Inatolewa asubuhi au jana yake. Inahusu saa tano nzima. Inarudi kesho, na keshokutwa tena. Mtu anaweza kuisikia saa 3 asubuhi, akakubaliana nayo kwa moyo wote, na saa 12 jioni akiwa anapika huku mtoto analia akawa ameisahau kabisa. Kumwita mtu huyo asiyejali ni kumwonea.

Ujumbe wa simu ulikuja dakika yenyewe. Ulimkuta mtu amesimama mita chache kutoka kwenye swichi. Ulitaja hatari inayoeleweka, umeme kukatika kwenye joto la nyuzi 47 za Selsiasi, ukataja tendo moja na mwisho wake. Na ulimfikia kila mwenye simu katika maeneo yaliyolengwa, awe mpangaji au mwenye nyumba, awe anafuata habari au hafuati. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuelewa kwamba kilowati zao zina maana kwa mtu mwingine.

Huwa najaribu kuifikiria nyumba moja jioni ile. Kwenye sebule kuna kidhibiti cha kiyoyozi kinachosoma 74. Jikoni mashine ya vyombo iko katikati ya mzunguko. Nje gari limechomekwa. Simu inalia, mama anaisoma kwa sauti, kijana anatoka kuchomoa gari, mtu mwingine anabonyeza kishale cha juu mara nne hadi 78. Kazi yote imechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kuchomoa gari peke yake kunaweza kuondoa kilowati 7 ikiwa chaja ni ya kawaida ya nyumbani. Zidisha kwa mamilioni ya nyumba, nyingine zikitoa nusu kilowati na nyingine zisitoe kitu, na unaziona zile 2,000 zimetoka wapi.

Dola mbili kwa uniti

Kama mtu angeziona fedha kuwa ndicho kichocheo pekee, angeuliza: si kulikuwa na mpango wa kulipa? Ulikuwepo. Baada ya 2020, tume inayosimamia huduma za umma katika jimbo iliunda mpango wa dharura wa kupunguza mzigo, na kwa 2022 malipo yalikuwa dola 2 kwa kila uniti iliyopunguzwa wakati wa tukio. Ni mara kadhaa ya bei ambayo mteja huinunulia uniti hiyohiyo. Hapakuwa na adhabu kwa atakayeshindwa. Kaya nyingi ziliandikishwa moja kwa moja, bila kuomba.

Ni bei nono, lakini piga hesabu kwa upande wa kaya. Nyumba inayopunguza uniti moja kwa saa, kwa saa tatu, inapata dola 6. Dola hizo hazionekani jioni ileile. Zinakuja kama punguzo kwenye bili baada ya msimu kwisha, zimejumlishwa, na mtu hawezi kuzihusisha na kile kishale alichokibonyeza Septemba. Aliyeandikishwa bila kuomba huenda hata hajui kwamba yumo. Ongeza bei iwe dola 3 au 4, hali haibadiliki sana, kwa sababu kinachokosekana ni kamba inayounganisha tendo na tuzo.

Halafu kuna suala la kipimo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo imani ya watu wengi huvunjikia.

Uniti iliyotumika mita inaisoma. Uniti ambayo haikutumika hakuna mita ya kuisoma. Lazima ikadiriwe: ungetumia kiasi gani kama usingepunguza? Njia iliyozoeleka California ni kuchukua wastani wa saa zilezile katika siku kumi za kawaida zilizopita. Sasa, mawimbi ya joto huja baada ya siku za joto la wastani. Tuseme nyumba yako kwa siku hizo kumi ilitumia uniti 2 kwa saa. Siku ya tukio ni kali, na ungejiachia ungetumia 3.5. Unajibana, unatoka jasho, unatumia 2.5. Umeiachia gridi uniti nzima kila saa. Lakini kwa mujibu wa wastani, umezidisha nusu uniti.

Ndiyo maana huwekwa marekebisho yanayoangalia matumizi ya siku yenyewe kabla ya tukio. Ila marekebisho nayo hufungwa kikomo, kuwazuia wajanja wasipandishe matumizi makusudi asubuhi ili waonekane wamepunguza jioni. Tuseme kikomo ni asilimia 20: uniti zako 2 zinakuwa 2.4. Umetumia 2.5. Malipo yako ni sufuri.

Mtu akipata sufuri baada ya saa tatu za joto la ndani, hataki kusikia neno wastani. Anaona amedanganywa. Na kampuni ndogo inayokusanya nyumba elfu kumi ili iziuze kama mtambo mmoja inapata hasara kwa upungufu ambao kwa kweli imeutoa. Simlaumu aliyeweka kikomo, maana udanganyifu upo na lazima uzuiwe. Nasema tu kwamba gharama ya kuuzuia imeangukia kwa waaminifu katika siku ileile gridi inapowahitaji zaidi.

Mkono wa nani kwenye kidhibiti

Kwa nini basi kumsumbua mtu? Mashine haisahau. Kidhibiti cha kiyoyozi kilichounganishwa na intaneti kinaweza kupandishwa nyuzi mbili tatu kutoka mbali, kwa muda, na mwenye nyumba asihisi sana. Kiufundi hii ndiyo njia bora, sina shaka nayo. Inajibu kila mara, inajibu kwa dakika, na inaweza kuingizwa kwenye mipango kama rasilimali.

Wiki moja tu kabla, Agosti 30, 2022, jimbo la Colorado lilionyesha kinachoweza kuharibika. Wateja wapatao 22,000 waliokuwa kwenye mpango wa aina hiyo walirudi nyumbani, wakakuta joto ndani liko juu, wakaenda kukishusha kidhibiti, na kidhibiti kikakataa. Walikuwa wamejiunga kwa hiari, wamelipwa dola 100 za kujiunga na dola 25 kila mwaka, na masharti yaliruhusu hali hiyo wakati wa dharura. Lakini miaka yote walizoea kwamba wanaweza kubatilisha. Siku waliyohitaji kubatilisha, wakafungiwa.

Weka visa hivi viwili pamoja. California mtu aliachiwa mkono wake na akaambiwa ukweli, na ujumbe ukamjali mgonjwa na mzee kwa maneno machache, afya ikiruhusu. Colorado mkataba ulikuwa halali kabisa, fedha ililipwa, na watu wakatoka na hasira. Ningekuwa naunda mpango leo, kitufe cha kujitoa kwenye tukio moja kingekuwa kikubwa kuliko vyote, kisicho na adhabu, kinachofanya kazi hata siku mbaya kuliko zote. Utawapoteza wachache kila tukio. Hao wachache watabaki kwenye mpango mwaka ujao.

Texas nayo imeacha hofu ya aina yake. Februari 2021, wakati wa baridi kali, kaya zilizokuwa zimeunganishwa moja kwa moja na bei ya jumla zilipokea bili za maelfu ya dola, kwa sababu bei ilishikiliwa kwenye kikomo cha dola 9,000 kwa megawatisaa kwa siku kadhaa. Jimbo likapiga marufuku mipango hiyo kwa kaya. Tangu hapo, ukimwambia mtu wa kawaida habari ya bei inayobadilika kila saa, huo ndio mfano unaomjia.

Wakubwa nao

Viwanda na taasisi kubwa vina historia ndefu zaidi katika jambo hili, na jioni ile vilitoa mchango wake kimyakimya. Mradi wa maji wa jimbo, unaosukuma maji kuvuka milima kwenda kusini na ndio mtumiaji mmoja mkubwa kuliko wote wa umeme California, unaweza kusimamisha pampu kwa saa chache bila mtu kukosa maji bombani. Meli zilizotia nanga bandarini, ambazo kwa kanuni za hewa safi huchomekwa kwenye umeme wa nchi kavu, ziliruhusiwa kwa amri ya gavana kuwasha injini zake. Hilo la pili linauma kidogo: gridi imepona, moshi umerudi bandarini.

Kiwanda kinajibu vizuri kinapokuwa na kitu kinachoweza kungoja, kama vile maji kwenye tangi, baridi ndani ya ghala lililozibwa vizuri, au saruji ambayo itasagwa usiku. Kisipokuwa nacho, kila wito ni zamu iliyopotea na oda iliyochelewa. Kikiitwa mara mbili kwa mwaka kinaona punguzo la bili ni la bure. Kikiitwa siku sita mfululizo, meneja anafungua tena mkataba na kuusoma upya.

Kuna kisiki kingine ambacho mtumiaji hakioni. Kampuni ya umeme inayosimamiwa hupata faida kwa mtaji inaouwekeza: laini, transfoma, vituo. California ilishaitenganisha faida ya kampuni na wingi wa uniti inazouza tangu miaka ya 1980, kwa hiyo kupunguza mauzo hakuiumizi. Lakini kununua upunguzaji kutoka kwa wateja ni matumizi ya kawaida, si mtaji, na hakuna faida juu yake. Kampuni itaendesha mpango kwa sababu imeagizwa. Kuupenda ni jambo jingine.

Saa 2 usiku

Dharura ya ngazi ya tatu iliondolewa saa 2 usiku, na mwendeshaji hakuwa ametoa agizo la kukata umeme. Sehemu ya sifa ni ya betri, ambazo kati ya 2020 na 2022 zilikua kutoka megawati mia kadhaa hadi zaidi ya 3,000, na jioni ile zilimwaga umeme saa zilezile sola ilipokuwa ikizimika. Kuna doa lakini. Katika miji michache ya kaskazini, Palo Alto na Alameda ikiwemo, wateja walikatiwa kwa muda kwa sababu agizo kutoka chumba cha udhibiti lilieleweka visivyo. Dharura iliyosubiri mpaka watu wazungumze kwa simu, huku wote wamechoka, ina makosa ya namna hiyo ndani yake.

Siku zilizofuata joto liliendelea, hadi mabaki ya kimbunga Kay yalipoleta mawingu mwishoni mwa juma. Ujumbe wa simu haukurudiwa, na nadhani uamuzi ulikuwa sahihi. Mlio ule una nguvu kwa sababu hutumika mara chache mno. Ukilia kila Jumanne ya joto, utakuwa Flex Alert nyingine, na siku ya moto wa msituni hakuna atakayeinua simu.

Mei 2023 tume ya nishati ya California iliweka lengo la megawati 7,000 za mzigo unaoweza kuhamishwa au kupunguzwa kufikia 2030, takriban mara mbili ya kilichokuwepo. Vilivyotajwa kufikisha hapo ni bei zinazobadilika, vidhibiti, betri za nyumbani, na programu zinazojibu ishara za gridi. Zile megawati 2,000 za Septemba 6 haziwezi kuingia kwenye hesabu hiyo kama rasilimali. Hazina mkataba, hazina wastani wa siku kumi, na mwenye nyumba aliyechomoa gari lake saa 11:50 jioni hakupewa hata njia ya kusema kwamba yuko tayari kuitwa tena.